Jinsi ya Kuwa na Huruma Bila Kufunga Duka

Wateja wangu wengi nawajua kwa mikono kuliko kwa sura. Duka langu lina nondo, kama maduka karibu yote ya Mbagala hapa Dar es Salaam, na tundu la kupitishia bidhaa liko usawa wa kifua. Jioni jua likiwa mgongoni mwa mteja, sura yake inakuwa giza tupu. Unachoona ni mkono unaoingia na sarafu, na unachosikia ni "Mangi, nipimie mafuta ya mia tano." Nimekaa nyuma ya tundu hilo tangu 2004. Kabla ya hapo nilikuwa kijana wa dukani kwa baba yangu mdogo, Manzese, nilikofikia mwaka 1998 nikitoka Rombo na begi moja.

Mpwa wangu anafungua duka lake Chamazi mwezi ujao. Mtaji anao, friji kapata, leseni anafuatilia. Ameniuliza kila kitu kuhusu bei za jumla, na mwisho akatupia swali ambalo sikuweza kulijibu kwa simu: "Mjomba, unawaoneaje watu huruma na bado unabaki na mtaji?" Hili hapa jibu langu, mpwa. Limekuwa refu. Na asiye na duka naye asome, kwa sababu karani wa mapokezi, konda na mwalimu wa zamu wanakaa mahali ambapo mtu anafika na shida yake, na wao ndio wanaoamua aieleze mara ngapi na mbele ya nani.

Tazama kwanza

Mimi silii kirahisi. Msibani nikikaa macho makavu, mke wangu hunifinya. Kwa hiyo nilijihesabu mtu mgumu kwa miaka mingi, nikidhani huruma ni ile hali ya koo kukaba. Siku hizi naichukulia kuwa kazi, kama kupanga mzigo, na inaanza na macho.

Kitu cha kutazama ni badiliko. Nyumba inayochukua sembe kilo mbili kila siku ikianza kuchukua kilo moja, na watu hawajapungua, kuna jambo. Anayenunua Panadol siku nne mfululizo, kuna jambo. Mtu mzima aliyezoea kuja mwenyewe akianza kutuma mtoto, mara nyingi anakwepa uso wako, na deni lake limo kwenye daftari lako. Lakini huwezi kuona badiliko kama hukuijua kawaida. Kwa hiyo chagua watu watano unaowaona kila siku, usiwaambie, ujue kawaida ya kila mmoja: anakuja saa ngapi, anachukua nini, ni mtu wa utani au wa salamu fupi. Wiki mbili zinatosha. Baada ya hapo macho yatafanya kazi yenyewe.

Ukishaona, uliza swali dogo. Kuna mama hapa mtaani anauza mandazi. Siku moja mkono wake wa kulia ulipita kwenye nondo ukiwa na lengelenge la moto. Wiki iliyofuata, jingine. Mara ya tatu nikajisemea huyu anahitaji dawa ya kupaka, nikamwekea pembeni. Bahati nzuri niliuliza kabla ya kumpa: "Mama, unakaangia wapi siku hizi?" Akacheka. Alikuwa anakaanga saa kumi alfajiri, simu kaibana kwa meno ili imulike karai, maana umeme wa LUKU wa nyumba ile wanachangia wapangaji sita, na mwezi ule hawakuelewana zamu ya nani kununua. Stoo nilikuwa na taa ya kuchaji iliyopasuka kioo, haiuziki, imekaa mwaka mzima. Nikamwazima, akawa anaileta kuichaji dukani mchana. Malengelenge yakaisha. Ile dawa ya kupaka angekuwa anaitumia hadi leo.

Swali dogo linajibika mbele ya watu bila aibu, na linamwachia mtu nafasi ya kunyamaza akitaka. "Unakaangia wapi?" ni swali dogo. "Una matatizo gani nyumbani?" ni kubwa mno kwa foleni ya watu sita.

Kopo na daftari visichanganywe

Mwaka 2009 nilikaribia kufunga. Ukutani nilikuwa nimebandika ile karatasi iliyoko kila duka, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Daftari nilikuwa nalo, kaunta buku nene. Mali ikapotea na habari zake ninazo, majina na tarehe. Shilingi 640,000 zilikuwa nje, na siku moja muuza jumla wangu akaniambia sipati hata mfuko mmoja wa sukari mpaka nimlipe. Kila jina kwenye daftari lile niliandika kwa huruma. Kosa langu lilikuwa kuchanganya mambo mawili.

Mkopo ni biashara. Una kikomo, kwangu ni shilingi 10,000 kwa nyumba, na hakuna wa pili kabla nusu ya ule wa kwanza haijarudi. Unampa mtu mwenye pa kuipata hela: wa mshahara, fundi mwenye kazi mkononi, mama mwenye meza yake sokoni. Yule unayejua kabisa hana pa kuipata, ukimkopesha umemuuzia aibu. Atakukwepa, atazunguka mtaa wa pili kununua kiberiti, wewe utamwita tapeli, na wote wawili mlijua tangu siku ya kwanza. Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo tunaisoma upande wa mkopaji tu, lakini hata mkopeshaji anaingia harusini akicheka.

Huyo asiye na pa kuipata ni wa kopo. Kila asubuhi kabla ya kufungua nachukua shilingi 2,000 ya mauzo ya jana, natia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kaunta. Siku mbaya natia 1,000. Kinachotoka humo hakirudi, na hakiandikwi jina. Naandika "sukari robo" na tarehe, basi, nijue mwenendo wa matumizi. Kopo likiwa tupu, leo hakuna, na usingizi napata. Hilo la usingizi nilichelewa kulielewa. Zamani kila ombi lilikuwa mtihani wa kujua mimi ni mtu wa namna gani. Mtu akipimwa utu wake mara thelathini kwa siku anachoka, na akichoka anakuwa mkali hata kwa asiyehusika. Kopo lilinipunguzia ukali kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyasikia.

Mteja mkuu wa kopo ni mtoto aliyepoteza sarafu. Ametumwa mafuta ya mia tano, njiani kacheza, sarafu imezama mtaroni, amefika kwako chupa inatetemeka mkononi kwa sababu anajua kinachomsubiri nyumbani. Mpimie. Usimhubirie. Wengine watakudanganya, hela wameshanunulia ashikirimu. Kwa mwaka mzima labda wamenila elfu tano. Mke wangu anasema ni zaidi, na mwenye hesabu ni yeye.

Kunyima

Utanyima mara nyingi kuliko utakavyotoa, kwa hiyo hapa ndipo penye kujifunza zaidi. Mimi nilijifunza kwa aibu.

Kulikuwa na fundi baiskeli, deni lake limefika 18,000, miezi miwili kimya. Jioni moja akaja, foleni imejaa, akasema kwa sauti ya chini, "Mangi, nisaidie sukari robo." Nilikuwa nimechoka. Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Kalipe la zamani kwanza!" Watu wakacheka. Niliuona mkono wake ukirudi nyuma polepole, unapita kwenye nondo kama unaogopa kuzigusa. Baada ya siku mbili nikasikia mke wake alijifungua kwa upasuaji, na sukari ile ilikuwa ya uji wa mzazi. Nikafunga duka mapema, nikabeba sukari kilo mbili nikaenda kwake. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akasema, "Sukari tulipata, Mangi. Kunyimwa nimezoea. Ila wewe ulinitangaza."

Deni alilipa lote, baada ya miezi mitatu. Dukani hakurudi mpaka walipohama.

Tangu siku ile nanyima hivi. Nasogea karibu na tundu na kushusha sauti, hata kama mteja mwenyewe anapayuka. Neno "sina" au "haiwezekani" linatangulia. Maelezo yanafuata, tena mafupi. Simwambii mtu "pitia kesho" kama kesho najua nitamnyima, maana hiyo njoo-kesho inamtembeza bure na kumfanya aombe mara mbili. Kisha natafuta kidogo kinachowezekana: kilo hapana, robo ipo kwenye kopo. Na kama kopo ni tupu nasema kopo ni tupu. Mtaa mzima sasa unalijua hilo kopo, kuna wanaouliza "limeamkaje leo?" kama wanaulizia mgonjwa.

Sigara, pombe na vocha sikopeshi kamwe. Viroba vilipopigwa marufuku mwaka 2017 nilidhani nimepumzika, zikaja chupa ndogo. Kijana akija kukopa vocha naye mkeka wa kubeti uko mfukoni, mechi ya saa nne usiku, namnyima bila kumdharau. Namuuliza ameshakula? Mara nyingi hajala. Mkate nusu na chai ya rangi vinatoka kwenye kopo, anakula hapo kwenye benchi, ananisimulia timu gani imemwangusha. Sijawahi kumwambia aache. Mmoja ameacha, wawili bado.

Na kuna mambo ya kumsitiri mtu yasiyogharimu hata senti. Pedi tulikuwa tunazitia kwenye rambo nyeusi. Mifuko ya plastiki ilipokatazwa, Juni 2019, mabinti wakawa wanasubiri foleni iishe, wanaacha hata wakubwa wanaochelewa wawapite. Sasa nazifunga kwenye gazeti mapema, asubuhi, zinakaa tayari, binti akisema "Mangi, ile ya gazeti" nimeshamwelewa. Weka pia kigoda nje kwa ajili ya wazee. Usiwaite, weka tu, watakiona.

Uji haulizwi, lakini chunguza

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake mletee, usimtake akuombe. Ndiyo maana sentensi inayonichosha kuliko zote ni ile ya "ukihitaji chochote usisite kuniambia." Umemwachia mgonjwa kazi zote tatu: kufikiri anahitaji nini, kupima kama wewe unaweza, na kushinda aibu ya kukupigia simu. Wewe umeondoka umejisikia vizuri.

Lakini methali ina mtego. Bibi jirani yangu alipolazwa, nilikwenda na uji mtamu, soda mbili na biskuti. Bibi ana kisukari. Binti yake alipokea kwa heshima zote, kisha mbele ya macho yangu akawagawia waliokuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili. Kumbe kuna wa kumuuliza, naye ni yule anayeuguza. Kaa naye pembeni dakika mbili. Utashangaa, mara nyingi mgonjwa ana machungwa ya kuuza, na anayemuuguza hajaoga tangu juzi, hana nauli ya kwenda nyumbani na kurudi, simu imezima chaji. Nauli, sabuni, kanga safi, chakula cha anayelala kwenye mkeka pale nje. Hivyo ndivyo nabeba siku hizi. Kitandani nakaa muda mfupi. Sisimulii habari za shemeji aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Mnacheka, lakini wodi hizi nimeshazisikia.

Jambo jingine watu wengi hawalifuatilii mpaka wameuza kiwanja. Hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii, na mgonjwa asiye na uwezo wa kulipa anaweza kupelekwa kwake aombe msamaha wa gharama. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamo kwenye sera ya msamaha moja kwa moja. Barua ya serikali ya mtaa husaidia sana. Ninaposema msaidie, namaanisha nenda naye. Aliye na mgonjwa wodini hana akili ya kutafuta mlango wa ofisi. Akijibiwa vibaya na mtu wa kwanza anarudi kukaa chini. Wewe ambaye hujachanganyikiwa ndiye wa kuuliza mara ya pili na ya tatu, kwa upole, bila kuondoka.

Na damu. Ndugu wa mgonjwa wanaombwa watafute wachangiaji, na nusu yao wanaogopa sindano. Kigezo ni umri kati ya miaka 18 na 65, uzito kilo 50 au zaidi, afya njema. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Hawakulipi, na mgonjwa hatakiwi kuuziwa. Sisi wenye maduka watatu wa barabara hii tunakwenda pamoja, mmoja anabaki kutuangalizia milango. Usisubiri mgonjwa wa kwenu. Damu iliyokwishapimwa ikiwa kwenye jokofu ndiyo inayomwahi mtu. Ya kwako ya leo ina foleni ya vipimo.

Msiba sitauongelea sana, maana huko sisi Waswahili tuko vizuri: turubai linafungwa ndani ya saa mbili, viti vinakuja, mchele na majani ya chai yanatoka dukani kwa jina la mtaa. Kasoro iko baadaye. Matanga yakianuliwa siku ya tatu, mjane anabaki na sufuria za watu za kurudisha. Mimi naandika kwenye kalenda ya ukutani, siku ya kumi, herufi ya kwanza ya jina lake. Siku hiyo napita. Wakati mwingine kazi niliyopewa ilikuwa kurudisha sufuria.

Watoto wanaotumwa usiku

Saa nne za usiku alikuwa anakuja binti mdogo kununua mkaa na sabuni, dada wa kazi kwenye nyumba moja ya geti. Kwa kumtazama hakuzidi miaka kumi na moja. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka umri wa chini wa mtoto kuajiriwa kuwa miaka 14. Mimi sikuijua sheria hiyo wakati ule. Nilijua tu kwamba mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni kama ya mtu mzima.

Kwanza nilikosea, nikampa biskuti kila siku, nikajiona nimemaliza. Mjumbe wetu wa nyumba kumi ndiye aliyeniamsha: "Mangi, unamlisha ili aendelee kufanya kazi?" Iliniuma. Tukapiga 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure, kisha mjumbe akapeleka habari ofisi ya mtaa kwa utaratibu wake. Mimi sikwenda kugonga geti la watu nifoke. Huruma yenye hasira ingefanya binti ahamishwe usiku uleule tusijue alikopelekwa. Alirudishwa kwa bibi yake, mkoani. Zaidi ya hapo si habari yangu kueleza.

Pale shida inapokuwa ya mtaa mzima

Kopo langu halitoshi kwa kila kitu, na mpwa, utaliona hilo mapema. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika. Kilo ilipanda ikapita 4,000, na huku Ramadhani inakaribia. Nilikuwa na mifuko miwili stoo niliyonunua kwa bei ya zamani. Rafiki yangu mmoja wa biashara akanishauri niifungie, wiki mbili tu. Sikuwa malaika, nilikaa nayo usiku mmoja mzima nikipiga hesabu. Asubuhi nikaweka utaratibu: hakuna anayepata zaidi ya nusu kilo kwa siku, bei ni ya nilivyonunua na faida yangu ya kawaida, na robo kumi zinabaki pembeni kwa nyumba zenye mgonjwa au mtoto mchanga. Iliisha siku ya nne. Waliogombana nami ni wenye migahawa, na walikuwa na haki ya kugombana, maana nao wana watoto. Mzigo mpya niliununua kwa bei mbaya kama wengine wote, nikauza kwa bei mbaya.

Shida ambayo sijaipatia dawa ni kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Utaitambua kwenye mauzo: siku ya rejesho, mauzo ya mboga, mafuta na unga yanashuka mtaa mzima. Akina mama wanakopa laki mbili, wanarejesha kila wiki kwa riba ya kutisha, akikosa mmoja wanakuja kubeba televisheni na godoro. Nimeona mama akikopa kwa mmoja kumlipa mwingine mpaka wanne. Ukimpa unga umemsaidia ale leo, rejesho liko palepale.

Tulichofanya ni kidogo, nakueleza kilivyo. Wanawake kumi na wawili wa hapa walikuwa na mchezo wao wa kupeana kila Jumamosi. Mke wangu akawaomba mchezo uwe na kisanduku cha dharura, kila mmoja 500 kwa wiki, mwenye rejesho lililomkwama anaazima humo bila riba na kurudisha polepole. Wawili walitoka kwenye kausha damu kwa njia hiyo. Mmoja alichukua akahama. Halafu kuna ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinatakiwa kisajiliwe, kiwe na katiba na akaunti. Makaratasi yale yanawatisha watu kuliko riba. Mimi nina mwandiko mzuri, kwa hiyo jioni mbili kwa wiki benchi la duka linageuka ofisi ya kuandikia katiba. Kama una mwandiko, au unajua kujaza fomu kwenye simu, hicho ni kipaji cha huruma kuliko mfuko wa unga. Hakiishi stoo.

Na usidhani kwamba naweza yote haya kila siku. Jumapili sifungui mpaka saa nane. Kuna miezi nimekuwa mbaya, nikijibu watu kwa nyusi. Mke wangu akiona hivyo ananitoa kwenye kaunta anakaa yeye, wateja wanafurahi.

Daftari la Desemba

Sisi wa Kilimanjaro tunataniwa kuwa Desemba tunakwenda nyumbani kuhesabiwa. Mimi kabla ya kupanda basi nahesabu kwanza wengine. Usiku mmoja, duka limefungwa, tunakaa na mke wangu na daftari la mikopo, tunapita jina moja moja. Anayeweza na hataki, tunamwekea nyota. Nikirudi Januari tutaongea naye wanaume kwa wanaume, au wanawake kwa wanawake. Anayelipa polepole tunamwacha aendelee na mwendo wake. Yule ambaye hawezi, na tulikosea sisi kumkopesha badala ya kumpa kwenye kopo, tunamfuta kwa wino mwekundu.

Kufuta peke yake hakutoshi, lazima ajue. Lakini ukimwambia "nimekusamehe" umemtangaza tena, safari hii masikioni mwake mwenyewe. Ninachosema ni hiki: "Lile daftari limejaa, nimeanza jipya. Kwenye jipya haupo."

Kuna bibi wa nyuma ya msikiti aliyekuwa anadaiwa 7,400, ya unga na mafuta ya taa ya zamani sana. Miezi minane hakupita mbele ya duka. Alikuwa anazunguka kwa njia ya mtaroni, kwenye matope, na magoti yake yale, ili asionane na dirisha langu. Jirani ndiye aliyeniambia. Nilimfuata kwake, nikamwambia daftari limejaa. Alikaa kimya, akaniuliza lile la zamani nimelipeleka wapi. Nikamwambia nimefungia karanga. Hakuamini, lakini alicheka.

Februari mkono wake ukaingia kwenye tundu, nimeutambua kabla hajasema kitu, una pete nyembamba ya shaba. Hakuwa na hela. Alikuwa na mafungu mawili ya mchicha wa bustanini kwake, umefungwa kwa ukindu, bado una maji. Nikachukua kaunta buku jipya, nikamwandikia mbele yake, aone: "Bibi, mchicha mafungu mawili, nadaiwa mimi." Akasema basi nimpe chumvi.